Banda la Kuku la Kubebeka, na Kusi ya Mambrui

Shamba letu la Mambrui, pwani ya Kenya kaskazini ya Malindi, ni mchanga mtupu. Umwagie ndoo nzima ya maji, mchanga utayameza kabla hujaiweka ndoo chini. Mbolea ya dukani ikinyeshewa huzama isikofika mizizi, na samadi ya ng'ombe ni ya kununua, kupakia na kuleta. Kilichotufaa ni kuku, tena kuku wa kuhama. Juma hili wanalala kipande hiki, wanachakura, wanakula wadudu na mbegu za magugu, wanaacha kinyesi chao. Juma lijalo banda linainuliwa na kupelekwa kipande cha pili. Kile walichotoka kinapumzishwa kwanza, maana kinyesi kibichi cha kuku huunguza miche, kisha tunapanda mchicha au maboga. Watu wakiniuliza nimetia dawa gani, nawaonyesha jogoo.

Banda la kuhamishwa kila juma halina budi kuwa jepesi, na kwetu kitu chepesi ni mali ya upepo. Kati ya shamba na bahari hakuna msitu wala nyumba ya ghorofa, ni matuta ya mchanga tu, na matuta yenyewe husogezwa na upepo huo huo. Wageni wanaokuja Malindi wanaujua upepo wa kupunga jioni. Sisi wa ng'ambo ya mto Sabaki tunaujua ule wa kung'oa mabati.

Nilipotaka kujenga, karibu kila mtu alinipa shauri moja: tia uzito. Mbao nene, mabati, mawe juu ya paa. Jirani yetu alikuwa nalo banda la namna hiyo, kazi safi ya fundi, tena lina magurudumu mawili ya wilbaro ili lisukumwe. Magurudumu yalizama mchangani mara moja, na tangu hapo banda likawa la kudumu, kuku wakinya pale pale mpaka mtu akiinama mlangoni macho yanamwasha. Kisha kusi, ule upepo wa msimu utokao kusini mashariki, ikaja usiku mmoja wa mwezi wa saba, ikaingia chini ya mabati kwa upande uliokuwa wazi, ikalinyanyua paa zima na kulitupa ng'ambo ya ua. Asubuhi tulikwenda kumpa pole na kusaidia kuokota misumari. Lile banda lilikuwa zito vya kutosha kutuvunja migongo, lakini si zito vya kutosha kuutisha upepo.

Mpwa wangu anasomea ujenzi. Alipokuja likizo nilimweleza habari ile, naye akachukua daftari langu la kuandikia mayai akaanza hesabu ukurasa wa nyuma. Upepo unaokwenda kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kila sekunde, ukikutana na ubapa wa mita mraba moja huusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 14. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu haizidi mara mbili, huzidi mara nne. Banda la jirani lilikuwa na ubavu wa kama mita mraba 5. Hapo tayari ni kilo 70 za msukumo, na bado hujahesabu upepo unaolivuta paa kwenda juu baada ya kulivuka.

"Shangazi," akaniambia, "ukitaka kushindana nao kwa kilo, utajenga kwa zege na utahamisha kwa trekta."

Nilichokipata katika hesabu ile ni mambo mawili. La kwanza, punguza ubapa unaotazamana na upepo. La pili, uzito usiubebe, ukope ardhini. Kila kitu tulichofanya baadaye kimetoka hapo.

Banda letu halina kuta. Lina miteremko miwili inayokutana juu na kushuka mpaka mchangani, basi. Kitako chake ni sentimita 240 kwa 150, na kimo chake mgongoni ni mita moja kasoro kidogo. Mtu mzima haingii humo, wala hana haja ya kuingia, mkono unafika kila mahali. Upepo ukigonga ukuta uliosimama wima hukaza, ukigonga mteremko hupanda na kupita. Ncha moja ya banda tumeiziba, ncha ya pili ndiyo mlango. Ukilitazama kwa ubavuni unaona kama mita mraba mbili na nusu. Ukilitazama kwa nchani unaona pembetatu ya robo tatu ya mita mraba. Kwa upepo ule ule wa mpwa wangu, ubavu unasukumwa kwa kilo zaidi ya 30, ncha kwa kilo 10 hivi. Banda ni lile lile, miti ni ile ile, tofauti ni umeliweka vipi.

Mashua iliyotia nanga hujigeuza yenyewe, omo, yaani mbele yake, ikaelekea upepo. Banda halijigeuzi, la kuligeuza ni wewe. Nyumbani kwetu sasa ncha iliyozibwa inaitwa omo na mlango unaitwa tezi, kama nyuma ya chombo, na hata watoto wakitumwa kuokota mayai utawasikia, "Anza kwa tezi!" Kusi inavuma tangu mwezi wa nne mpaka mwezi wa tisa au wa kumi, ikitoka kusini mashariki, na ukali wake ni mwezi wa sita mpaka wa nane. Kaskazi inashika Disemba mpaka Machi, ikitoka kaskazini mashariki. Zote mbili zinatoka upande wa bahari. Kwa hiyo omo haizungushwi zaidi ya robo ya duara, na mlango hautazami baharini kamwe. Kuna umande, ule upepo wa nchi kavu wa alfajiri, ambao huingia mlangoni, lakini huo ni wa kuwapoza kuku, si wa kuwadhuru. Asiyejua pande za dunia atumie msikiti: sisi huku pwani tunaswali tukielekea kaskazini, kwa hiyo ukielekea kibla bahari iko kulia kwako, na mlango wa kuku uelekee kushoto. Taabu huwa wakati wa tangambili, baina ya msimu na msimu, upepo unapokuwa haujaamua. Wakati huo banda hufungwa pembe zote nne, hata kukiwa shwari.

Mahali pa kuliweka nilifundishwa na mkwezi wetu. Mimi nilikuwa natamani kivuli cha minazi, kwa kuwa joto la mchana la Malindi ni adui wa kuku kuliko upepo wenyewe. Akanizuia palepale. "Mama, kivuli cha mnazi kina meno." Nazi iliyokomaa pamoja na kumbi lake yaweza kufika kilo mbili, na kuti kavu linapoachia mti halianguki polepole, hutangulia shina lake. Kusi hupukutisha vyote viwili. Mkwezi akinyosha kidole anakwambia mnazi gani una makuti ya kuanguka juma hili, lakini mkwezi haji kila siku. Kwa hiyo banda likae nje ya makuti ya mnazi yanapofika. Tunaliweka mashariki ya mstari wa minazi, kivuli cha alasiri kikirefuka kinalikuta, na nazi hazilifikii.

Upande wa baharini tuna ua wa mnyaa. Nilidhani ukuta wa mawe ungekuwa bora, mpaka mpwa wangu alipopanda juu ya mtungi na kurusha majani makavu nyuma ya ukuta wa banda la mbuzi. Majani yalizunguka, yakashuka kwa kasi, yakapigwa chini. Upepo ukizuiwa kabisa hupanda juu ya ukuta na kuporomoka upande wa pili kwa fujo. Nyuma ya mnyaa majani yale yale yalikwenda mbele taratibu, kwa kuwa ua wenye nafasi huuchuja upepo badala ya kuupiga teke. Tangu siku hiyo sikulalamika tena kwamba ua wetu una matundu. Neno moja tu: utomvu wa mnyaa usiingie machoni, unaunguza vibaya. Anayepogoa ajifunike, na matawi mabichi yasitupwe ndani ya banda.

Sasa nanga, ambayo ndiyo kazi yenyewe.

Vigingi katika mchanga ni kujifurahisha. Ukikigongomea leo kimekaza, lakini upepo unatikisa banda, banda linatikisa kamba, kamba inatikisa kigingi, na kila mtikiso unapanua tundu. Mvua ikinyesha halafu mchanga ukakauka tena, kigingi unakichomoa kwa vidole viwili. Ami yangu, aliyevua samaki tangu ujana wake, alikuwa ameketi kwenye kibao akinitazama nikichonga ncha za vigingi vya mvinje. Akaniacha nichonge kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, mchanga haushiki kilichosimama. Hushika kilicholala."

Tulichimba shimo la kufika magotini. Ami akataka gogo, mimi nikaogopa mchwa, kwa hiyo tukachagua jiwe la matumbawe refu lenye kiuno katikati. Kamba ikafungwa kiunoni, jiwe likalazwa chini ya shimo, ubavu wake ukitazama kule banda litakakokuwa. Toka jiwe lilipo, ami alichimba kijifereji chembamba cha mshazari ili kamba ipande moja kwa moja kuelekea banda bila kupindika. Hilo alilikazania sana, maana kamba inayotoka wima kisha ikakunjika hukata mchanga kila inapovutwa, na siku nyingi haipiti imelegea. Tukarudisha mchanga kidogo kidogo, tukimwaga maji na kukanyaga. Nilipoambiwa nivute nilivuta, nikaegemeza mwili wote nyuma, nikaambulia kuteleza na kukaa chini. Ami hakucheka, alitoka tu kwenda kuosha mikono.

Hesabu yake pia iko kwenye daftari la mayai. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa karibu kilo 1,600. Chukua mchanga wa nusu mita kwenda chini, nusu mita urefu na nusu mita upana, ni kilo 200. Hizo ndizo unazomtaka upepo anyanyue kabla hajalipata banda, na hakuna hata moja kati yake unayoibeba wewe.

Utasema, na shimo la kufika magotini kila juma nani atalichimba? Hatuchimbi kila juma. Kila kipande cha kupanda kina mawe yake, yamezikwa mara moja na yako huko mpaka leo. Kinachobaki juu ni ncha ya kamba yenye kitanzi. Mchanga wa Mambrui hufukia kila kitu, kwa hiyo kila kitanzi kimefungiwa chelezo kilichokatwa kwenye kandambili kuukuu, kama wanavyofanya wavuvi kwenye nyavu zao. Ukitafuta nanga, tafuta kandambili. Kamba iliyozikwa iwe ya nailoni, kwa kuwa ya makumbi huoza chini kimyakimya na hutaona mpaka siku ya siku.

Majira ya shwari, nanga hizo hatuzigusi. Banda linashikwa na sketi yake. Pembeni mwa kitako, pande zote, tumeshona kipande cha jarife kuukuu, wavu wa kuvulia samaki, kinacholala juu ya mchanga kwa upana wa kama sentimita 40, na juu yake tunapanga viroba vilivyojaa mchanga nusu. Jarife hili lina kazi mbili, na ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Nguchiro akifika hunusa mahali banda linapokutana na ardhi, naye huanza kuchimba pale pale. Akikuta wavu chini ya makucha hachimbi, wala hana akili ya kurudi nyuma nusu mita akaanzia huko. Paka na fungo vivyo hivyo. Viroba vya plastiki visiachwe wazi juani, jua huvisaga mpaka vikawa unga na mchanga wote ukamwagika. Vifunike kwa makuti, au uvitie ndani ya gunia la katani.

Mifupa ya banda ni fito za mvinje, unene wa kidole gumba cha mguu cha mtu mzima au zaidi kidogo, zilizokaushwa kivulini. Mikoko ni migumu zaidi na haiogopi maji ya chumvi, lakini ni mizito, na kukata kwake kuna vibali vyake. Mvinje watu huku wanapanda wenyewe. Ubaya wake ni mchwa. Katika banda linalokaa mahali pamoja, fito ya chini ingekuwa imeliwa zamani. Katika banda hili mchwa hawapati nafasi, wakianza tu kujenga njia yao ya udongo, nyumba imekwisha kuondoka.

Misumari tumeitumia mlangoni peke yake. Kwingine kote ni kamba. Banda la misumari likibebwa na watu wawili wasio na kimo kimoja hupindika, na kila likipindika msumari hujipanulia tundu, na chumvi ya hewani inaumalizia kwa kutu. Kamba hukubali kupindika kisha ikarudi. Waliojenga mitepe ya Lamu zamani walishona mbao kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na vyombo vile vilikwenda bahari kubwa, seuze banda la kuku. Ila kamba huhitaji kukazwa. Tulifunga kila kiungo kwa mizunguko ya kukingamana, kisha mzunguko wa mwisho tukaupitisha baina ya fito mbili ukaibana ile mizunguko mingine. Mzunguko huo wa mwisho ndio unaokaza, na ndio wavivu wanaouruka. Kisha tukatia kamba mbili za mshazari kila ubavu, kutoka pembe ya chini hadi mgongoni, na kuzikaza kwa kuzisokota kwa kijiti. Kabla ya mishazari hiyo, ukilisukuma banda kwa bega linalala upande. Baada yake linasogea lote kwa pamoja.

Paa lilinipa mawazo mengi. Bati lilitoka katika orodha mapema: linapika kuku mchana, na likiruka usiku linaweza kumkata mtu. Makuti ni baridi na mazuri, nami nayapenda, lakini yakinyeshewa yanakuwa mazito, tena ndani yake utitiri hujificha usiwapate hata kwa majivu. Turubai jepesi la dukani hupigapiga mpaka likachanika lenyewe kwenye macho ya kamba. Tulichokipata ni turubai la bango, yale mabango makubwa ya matangazo ambayo yakishushwa huuzwa mitumba. Ni zito kuliko turubai la kawaida, halipitishi maji na linavumilia jua. Letu lilikuwa la mgombea wa uchaguzi uliopita. Tumelifunika nyeupe juu kwa ajili ya joto, kwa hiyo mheshimiwa anatazama ndani, anatabasamu juu ya vichwa vya kuku kila usiku. Hakuna hata mmoja wao aliyempigia kura.

Turubai lolote linaloachwa lipige makofi halifiki mwaka. Hili tumelibana baina ya fito mbili mbili, moja ndani na moja nje, kila sentimita 40 kwenda chini, na fito zenyewe zimefungwa pamoja kwa kamba inayopita tundu lililochomwa kwa msumari wa moto. Hakuna mahali ambapo kitambaa kina upana wa kutosha kujaa hewa. Kwenye omo turubai linashuka mpaka chini, ila pembetatu ndogo ya juu kabisa tumeiacha na kuitundikia jamvi kuukuu. Jamvi linapitisha pumzi kidogo na kuvunja nguvu ya upepo, na joto pamoja na harufu ya kinyesi hutoka juu ya vichwa vya kuku bila wao kupigwa na baridi. Kwenye tezi juu ni wazi, waya tu. Jambo la kuogopa ni kinyume chake: upepo uingie kwa mbele pakubwa na usipate pa kutokea. Hapo banda hujaa, hunyanyuka, na ndivyo lilivyokwenda paa la jirani.

Waya mwembamba wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, tumeuweka juu tu. Unawazuia kuku kutoka, lakini mnyama mwenye nia huuchana, na hewa ya bahari huula upesi. Chini, kwa kimo cha mkono, ni waya wa mraba uliochomelewa, mzito kidogo lakini mahali pake ni chini, ambako uzito hauna ubaya. Kunguru ndio wanaotuumiza mchana. Wale kunguru wa Kihindi waliojaa pwani hii hubeba kifaranga mbele ya mama yake na mbele yako. Kwa hiyo kuku mwenye vifaranga hatumwachi nje mpaka watoto wapate manyoya.

Ndani kuna vijiti viwili vya kulalia, kimo kimoja. Kimoja kikiwa juu ya kingine, kila jioni ni vita vya nani alale ghorofani. Kuku mmoja anataka sentimita 20 za kijiti, na vyetu vinawatosha majike yetu pamoja na jogoo bila kusongamana. Rafiki yangu wa Lamu anayefuga kuchi alitaka kuiga vipimo hivi nikamwambia asithubutu, wale jogoo wake warefu watagonga mgongo wa banda kila wakiwika. Yeye inambidi apandishe kimo, na akipandisha kimo lazima aongeze upana wa kitako pia, la sivyo amejijengea tanga.

Faida moja ya banda dogo sikuitarajia: chanjo ya kideri. Usiku kuku wote wako kwenye vijiti, mkono unamfikia kila mmoja, tone moja jichoni, anayefuata. Zamani nilikuwa nawafukuza shamba zima na nusu ya dawa ikamwagika mchangani. Tunawachanja kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu banda liwe imara vipi, kideri hakiogopi kamba.

Kulibeba ni kazi ya watu wawili. Fito mbili ndefu za kitako zimezidishwa kila ncha kwa urefu wa mkono, basi linashikwa kama machela, mmoja omo mmoja tezi. Mizani ya magunia ilituonyesha kwamba halifiki kilo 40. Tunalihamisha asubuhi, umande ukiwa umekufa na upepo wa bahari haujaamka, kuku wakiwa bado wamefungiwa. Linanyanyuliwa kiganja kimoja tu kutoka ardhini na linakwenda polepole, kuku wanatembea ndani pamoja nalo, wakilalamika. Mara ya kwanza walipiga kelele za kuchinjwa. Siku hizi wakiona watu wawili wanakuja pamoja, wanajipanga wenyewe upande wa mbele, wanajua kuna majani mapya.

Yapo mambo ambayo banda hili halifanyi, na sitaki mtu aliamini kupita kiasi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Tanzania, Idara ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kwa pwani ya Kenya pia. Hatukungoja kuona. Turubai lilivuliwa kwanza, kwa kuwa mifupa mitupu haina cha kushikwa na upepo, kisha tukaifunga mifupa kwenye nanga zote na kutia kuku ndani ya matenga. Walilala jikoni, juu ya kuni, wakaniachia mayai mawili ndani ya kapu la vitunguu. Kuvua turubai ni kukata kamba za fito za nje tu, zile za ndani zinabaki, na kulirudisha ni kazi ya alasiri moja kwa mtu mwenye msaidizi.

Kamba zinazopigwa na jua nazibadilisha mwezi wa tatu, kaskazi inapolegea na kabla kusi haijashika, hata zikionekana nzima. Nailoni huanza kufa kwa nje, inatoa vumbi jeupe ukiipitisha baina ya vidole. Ikitoa vumbi hilo, nakata, natia mpya, na ile ya zamani inakwenda kufungia nyanya.